Sonara anasema pete haina nikeli, ina paladi. Nikubali?

MkeMtarajiwa (Kasese):

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua metali au ngozi, maana hapa nyumbani kila mtu amegeuka daktari.

Mimi na nikeli hatupatani. Ilianza nikiwa sekondari na zile herini za rangi ya dhahabu zinazouzwa kwenye kadi, pea sita kwa bei ya soda. Masikio yakatoa maji, yakaganda, nikazivua, yakapona. Baadaye kikaja kifungo cha jinzi. Chini ya kitovu nina baka la ukubwa wa sarafu, ngozi yake ni nene na nyeusi kuliko ya pembeni, ina mikunjo midogomidogo. Nikivaa jinzi bila kuchomekea fulana ndani, kesho yake usiku ni kujikuna tu. Saa ya mkononi vilevile, pale pale panapogusa kishikizo. Musawo (daktari) wa hapa aliangalia kitovu, akaangalia masikio, akasema "hiyo nikeli" na kuita mgonjwa mwingine. Nikamwamini, kwa sababu tangu nianze kuikwepa nimetulia.

Sasa naolewa. Kwanjula, yaani utambulisho, imeshapita, harusi ni Desemba. Mchumba wangu yuko Kampala na ameshalipa amana ya pete. Anataka dhahabu nyeupe, na mimi naipenda, nisiwadanganye. Nikamwambia aulize habari ya nikeli. Sonara akajibu kwa kujiamini: hii haina nikeli hata chembe, weupe wake unatokana na metali iitwayo paladi, juu inapakwa metali nyingine, rodi, vaa hata ukioga. Nikafurahi, hadi binamu yangu anayesomea udaktari wa meno aliponiambia wenye aleji ya nikeli wasiikimbilie paladi, ni ndugu. Hakueleza zaidi, alikuwa na mtihani.

Hapo ndipo ukoo mzima ukaingia. Kaka yangu ni fundi wa ujenzi na viganja vyake vimepasuka kwa saruji, kwa hiyo mama anasema damu yetu haikubaliani na chuma cha aina yoyote. Jirani akaongeza kobalti kwenye orodha, eti kwa kuwa tumekulia karibu na mgodi wa Kilembe. Na kuna jambo linalonitatiza mimi mwenyewe: nina chuma mguuni tangu nilipopata ajali ya boda. Nasikia vyuma hivyo vina nikeli. Mbona hakijawahi kuniwasha, na herini ya bei ya soda inanitoa usaha?

Kwa hiyo: paladi ni salama kwangu au la? Na ukiwa na aleji ya metali moja, ndiyo umeshapata ya zote?

StejiYaBoda (Jinja):

Dada, paka rangi ya kucha isiyo na rangi ndani ya pete. Mke wangu ndivyo anavyofanya na herini zake. Halafu nendeni dukani na sumaku. Ikinasa, kuna nikeli, isiponasa, lipeni.

MwalimuKemia (Mbale):

Sumaku muiache nyumbani. Nikeli tupu inanasa, kweli, lakini ikishachanganywa na shaba au dhahabu mara nyingi hainasi tena. Hata masufuria mengi ya chuma kisichoshika kutu yana nikeli kama asilimia 8 hadi 10, na sumaku inateleza tu juu yake.

Kipimo kipo na ni rahisi. Wanaosoma kemia A-level wanaijua dimethailiglayoksimu, ile inayotoa wekundu ikikutana na nikeli. Chukua pamba ya masikio, iloweshe kwa matone mawili ya hiyo dawa na tone moja la amonia, sugua chuma kwa nusu dakika. Pamba ikigeuka waridi, kile chuma kinaachia nikeli. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi kwa kutumia kifungo cha suruali yangu mwenyewe. Pamba ilitoka na rangi ya juisi ya fulasadi na darasa lote likaanza kuvua mikanda. Kama kuna sekondari yenye maabara karibu nawe, mwombe mwalimu, ni kazi ya dakika moja.

SonaraWaKati (Kampala):

Naomba nitetee kazi yetu kidogo. Mwenzangu huyo hakudanganya. Dhahabu asili yake ni ya njano. Ili iwe nyeupe lazima ichanganywe na metali nyeupe, na zinazotumika zaidi ni mbili: nikeli, ambayo ni rahisi na ngumu, au paladi, ambayo ni ghali zaidi. Anayekuuzia ya paladi amekufikiria. Ukipewa dhahabu nyeupe ya bei ya kutupa, hapo ndipo uulize kuna nini ndani.

Ila habari ya "vaa hata ukioga" mimi nisingeisema. Rodi ni ngozi nyembamba mno juu ya pete. Inaisha, na inaanza kuisha upande wa ndani wa kiganja, kwa sababu hapo ndipo pete inaposugua jembe, usukani na sufuria. Wateja hurudi kupakwa upya baada ya mwaka au miwili. Kwa hiyo dada, usihesabu rodi kuwa kinga. Hesabu kilichoko chini yake.

MusawoNgozi (Fort Portal):

Mdogo wangu, hongera. Nimeketi kliniki ya ngozi miaka mingi, mafunzo niliyapata Moshi pale hospitali ya KCMC, nikiwa na wenzangu kutoka nchi nyingi za Afrika. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu umeuliza mambo matatu na ukoo wako umeyafanya moja.

Paladi kwanza. Binamu yako yuko sahihi, na mtihani wake natumaini alifaulu. Jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo kutoka kwenye chuma, nayo inapenya ngozi na kushikamana na protini za mwili. Chembe za kinga ziitwazo seli za T zinaikariri sura ya mchanganyiko huo. Zikishaikariri hazisahau. Unaweza kukaa miaka kumi bila herini, siku utakayovaa zinaamka, na baada ya siku moja au mbili ngozi inavimba. Ndiyo maana wewe hujikuna kesho yake, si saa ileile. Sasa tazama jedwali la elementi: paladi imekaa chini kabisa ya nikeli, safu moja. Inaposhikamana na protini hutengeneza sura inayofanana sana na ile ya nikeli, na baadhi ya seli zilizokariri nikeli huitikia paladi hata kama hazijawahi kukutana nayo. Hilo limeonekana maabara, na kliniki linaonekana pia: mtu mwenye aleji ya paladi peke yake ni nadra, karibu wote wana ya nikeli. Huo ndio mzio mtambuka wa kweli.

Lakini usiitupe amana bado. Si kila mwenye nikeli anaitikia paladi. Na hata anayeitikia kwenye kipimo, ambapo tunatumia chumvi ya paladi, anaweza kuvaa pete ya paladi miaka na miaka bila tatizo, kwa sababu paladi iliyofungwa ndani ya dhahabu huachia kidogo sana. Wasiwasi wangu huwa mkubwa zaidi kwa kofia za meno, kwa sababu mdomo una mate na uchachu saa zote. Kwa hiyo sisemi pete itakudhuru. Nasema maneno "haina nikeli" kwa mtu kama wewe hayajajibu swali. Hata kipimo cha Mwalimu, ambacho ni kizuri na nakipenda, kwenye pete hii pamba itabaki nyeupe na mtacheka kwa furaha, kumbe habari ya paladi hakikuiuliza.

Kobalti ni kesi nyingine. Tukipima watu wenye nikeli, wengi wanaitikia kobalti pia, ndipo watu wakadhani ni mzio mtambuka. Sivyo inavyoelekea. Nikeli na kobalti hukaa pamoja kwenye vifungo, herini na zana, kwa hiyo ngozi moja inafundishwa mara mbili, kila metali na seli zake. Watu wa Kasese hili mnalijua bila mimi: Kilembe shaba na kobalti vilitoka mwamba mmoja, na hakuna mchimbaji aliyeviita kitu kimoja. Jirani yako amekosea jambo moja tu. Kukulia karibu na mgodi hakukupi aleji ya kobalti. Kinachoileta ni kuigusa mara kwa mara, hasa ngozi ikiwa imechubuka.

Kaka yako ndiye anayenitia wasiwasi kuliko pete yako. Saruji ina chumvi za kromi, ile aina iitwayo kromi sita, na saruji mbichi yenyewe inaunguza kwa ukali wake. Mikono ikishapasuka kwa ule ukali, kromi inapata mlango. Hakuirithi kwa mama yenu wala haina uhusiano na nikeli yako, ameipata kazini. Ulaya tangu 2005 saruji haitakiwi kuwa na kromi sita inayoyeyuka kupita sehemu 2 kwa milioni, na wanaipunguza kwa kuchanganya salfeti ya chuma. Sasa angalia mtego: fundi anapasuka mikono, anaambiwa avae glavu, anakwenda kununua glavu za ngozi. Ngozi nyingi huwa zimelainishwa kiwandani kwa chumvi za kromi pia! Amevaa ugonjwa. Anunue za mpira zenye pamba ndani, anawe saruji mapema bila kungoja jioni, na akiona miguu nayo inawasha aangalie viatu. Masufuria ya chuma kisichoshika kutu asiyaogope kwa sababu ya kromi. Kromi ikiwa metali tupu ngumu haisumbui ngozi, zinazosumbua ni chumvi zake.

Mguu wako. Ndiyo, chuma hicho kwa kawaida kina nikeli, mara nyingi asilimia 13 hadi 15, pengine kuliko hata kifungo cha jinzi. Jambo la kuangalia si kiasi kilichomo, ni kiasi kinachotoka. Chuma cha hospitali kina utando wa kromi unaokishika, hakiachii hovyo. Herini ya kadi ni shaba iliyopakwa nikeli na rangi juu, na rangi ikichubuka nikeli inamwagika. Ndiyo maana Ulaya, baada ya Denmark kutangulia, ilitunga sheria mwaka 1994 inayopima nikeli inayotoka kwa wiki kwenye kila sentimita ya mraba, haikuangalia iliyomo tu. Wengi wenye aleji ya nikeli wanaishi na vyuma mifupani bila shida, wachache husumbuka. Wewe hujasumbuka, basi. Ila siku ukihitaji upasuaji mwingine, mwambie daktari mapema. Vipo vyuma vya titani.

Kuhusu kipimo: njia ya uhakika ni vibandiko vya mgongoni, vyenye metali zinazoshukiwa. Vinabandikwa siku mbili bila kulowesha mgongo, vinatolewa, vinasomwa siku ya tatu au ya nne, na kwa metali ni vizuri kurudi siku ya saba kwa sababu nyingine huchelewa. Hapa kwetu si kila kliniki inavyo. Ulizia kliniki ya ngozi ya Mulago au Mbarara kabla hujapanda basi, na uwaulize kwa jina kama wana paladi, maana haimo kwenye kila seti. Kwa ngozi yetu nyeusi msomaji asitafute wekundu peke yake. Apapase kwa kidole, uvimbe utamwambia.

Na hapa nisikilize vizuri kwa kuwa wewe ni bibi harusi. Najua kinachopakwa miezi hii. Yale mafuta ya kung'arisha, yanayochanganywa sokoni kwenye vikopo visivyo na jina, mengi yana steroidi kali. Ukiyapaka mgongoni kisha ukabandikwa vibandiko, kipimo kitasema huna aleji ya kitu, na utavaa pete kwa amani hadi uyaache. Mbali na kwamba yanakula ngozi. Na ile tyubu ya "dawa ya kila kitu" ya duka la dawa, yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki pamoja, usiipake kitovuni kila wiki. Antibayotiki yake huweza kuwa neomaisini, ambayo yenyewe ni mojawapo ya zinazoongoza kwa kuleta aleji.

MkeMtarajiwa:

Musawo, umenijua kama uko kwenye chumba changu cha kulala. Kopo lipo mezani, shangazi ndiye aliyelileta. Asante sana.

Kaka nimemsomea yote kwa simu. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "glavu za ngozi?" Anazo pea mbili, za pili alinunua kwa sababu za kwanza alidhani ni feki.

Nauliza: nikikosa kipimo kabla ya Desemba, pete gani nivae bila kubahatisha?

MusawoNgozi:

Dhahabu ya njano, karati 18 kwenda juu, iliyochanganywa na fedha na shaba tu. Karati 18 ni dhahabu asilimia 75, hizo mbili zinajaza iliyobaki. Dhahabu nayo ina watu wake wanaoiitikia kwenye vibandiko, ila wengi wao huivaa bila kujua. Mkitaka nyeupe kwa lazima, platini ni nzuri, lakini ya vito kwa kawaida ni asilimia 95. Ulizeni ile 5 ni nini, kwa sababu huwa ni ruteni, au shaba, au kobalti, au paladi tena! Titani haina mambo mengi.

Pia, pete yoyote ikianza kukuwasha baada ya harusi usikimbilie kuilaumu metali. Sabuni na maji hujificha chini ya pete na kuunguza ngozi, hasa kwa anayefua kwa mkono. Ukiivua wakati wa kufua, ukakausha kidole, na mwasho ukaisha ndani ya wiki mbili, ilikuwa sabuni.

StejiYaBoda:

Na rangi ya kucha?

MusawoNgozi:

Kwenye kifungo cha jinzi sawa, upake tena kila inapochubuka. Ndani ya pete inayoingia maji kutwa nzima haitamaliza wiki. Mkeo atafute herini za titani, aachane na kuzipiga rangi.

BwanaHarusi (Kampala):

Mimi ndiye niliyelipa amana. Nimetumiwa mjadala huu na watu wanne kabla yeye mwenyewe hajaniambia. Nimepiga simu dukani, wanasema wanaweza kubadilisha kwenda njano karati 22. Ila nasikia 22 ni laini, inajikunja. Mke wangu analima na anabeba majerikeni, haitakuwa duara mpaka Pasaka. SonaraWaKati, unasemaje?

SonaraWaKati:

Umesikia sawa. 22 kwa pete ya kila siku ni laini, chukua 18 ya njano, unene usipungue milimita mbili. Mwambie fundi akuandikie kwenye risiti mchanganyiko wote kwa maneno: dhahabu, fedha, shaba, na hakuna nikeli wala paladi. Mtu akisita kuandika, hamisha amana. Ulizia pia lehemu atakayotumia kuunga pete, wengi wanaisahau, na lehemu inagusa kidole kama sehemu nyingine yoyote. Kipimo cha kidole chake upime jioni, vidole huwa vimevimba kidogo kwa joto, asubuhi utapata pete itakayombana.